Askari wa Damu ya Skolastika

Kwa miaka mitatu Wema alipima damu za wanawake wa Ilagala kwa kingamwili zilizozalishwa na seli za panya. Kingamwili hizo zilitakiwa kunasa protini moja tu juu ya seli za kinga; zikinasa, seli inawaka na mashine inaihesabu. Kwa baadhi ya wanawake ziliwaka sana, na watafiti wakaamini wamepata kinachowazuia wasiugue kichocho tena, ingawa hushinda ziwani wakisafisha dagaa.

Kisha maabara yao ya Katubuka ikaletewa kingamwili mpya, zilizotengenezwa kwa vinasaba vilivyopangwa na binadamu, kila kichupa sawa na kingine. Wema akarudia kupima damu zote zilizohifadhiwa. Hakuna kilichowaka. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Zile za zamani zilikuwa zikinata ovyo kwenye protini yoyote.

"Ndiyo utafiti," alisema mkuu wake, Anatoli. "Andika ripoti, tufunge."

Lakini kulikuwa na neno lililomsumbua Wema. Mwaka juzi, akimfunga pamba mkononi Skolastika, mwanika dagaa, alimwambia kwa furaha, "Mama, damu yako ina askari wa peke yao. Kichocho hakikuwezi." Hakutumwa kulisema.

Jumamosi akaenda Ilagala. Alimkuta Skolastika kwenye mkeka, mikono imekonda, tumbo limejaa maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata damu?"

"Hapana. Mama, dawa za kichocho zilipogawiwa, ulimeza?"

"Za nini? Si uliniambia nina askari? Niliwapa wenzangu zamu yangu." Akapumua kwa shida. "Juzi nimetapika damu. Daktari anasema ini limekuwa gumu, dawa sasa haitalilainisha."

Wema akapiga magoti. Akamweleza yote: kingamwili mbovu, mwanga wa uongo, na kwamba yeye mwenyewe alisema jambo asilolijua.

Skolastika alisikiliza mpaka mwisho. "Ego," akasema kwa Kiha, yaani ndiyo. Akapandisha mkono wa gauni.

"Pima tena. Labda wamejificha."

"Hawapo, mama. Hawakuwahi kuwapo."

"Nimekupa damu mara kumi na moja, sikukuuliza kitu. Leo nakuomba."

Wema hakuwa na sindano, na mashine ilikwisha kuzimwa. Alimshika tu ule mkono, akalia. Skolastika hakumfariji wala hakumfukuza. Aligeuza uso ukutani.

Alizikwa kabla ya Pasaka. Katika ripoti, Wema aliandika kwamba matokeo ya awali hayakuthibitika. Alijaribu kuongeza sentensi moja juu ya mwanamke wa Ilagala. Anatoli akaifuta, akisema mhusika mmoja si takwimu.