Baridi ya Chumba cha Nyuma

Wanawake wengine huletewa mke mwenza. Mimi nililetewa chupa, na afadhali mke mwenza, maana mke mwenza mtagombana, mtanuniana, mwisho mtaazimana chumvi. Chupa utaiambia nini? Imelala ubavu kwenye rafu yake, kiyoyozi kinaipulizia baridi mchana kutwa, na wewe uko jikoni unajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Mume wangu alihudumu mezani katika hoteli kubwa tangu ujana wake, na alipostaafu alikuwa ndiye msimamizi wa mvinyo wote wa hoteli ile. Wenzake walimpa jina la Kizibo. Anasimulia kwamba yote yalianza siku mgeni mmoja alipoacha nusu chupa mezani, naye akaionja huko nyuma, amesimama, sinia mkononi. Tangu siku hiyo mgeni akitaka kumpa bakshishi, yeye aliomba apewe chupa. Mshahara nao ukafuata njia hiyo hiyo. Ndugu zangu walinisikitikia, lakini mpenda chongo huita kengeza. Niliwajibu kwamba mume wangu ana kipaji, na kwamba wao wanywa bia wasingeelewa.

Mvinyo mzuri, alinifundisha, hautaki joto, hautaki mwanga, na hautaki kutikiswa. Ukitikiswa, mashapo yaliyotulia chini huamka na ladha inavurugika. Kwa hiyo chumba cha nyuma, chenye kuta nene na kisicho na dirisha, kikawa cha chupa. Ndicho nilichoahidiwa kuweka cherehani yangu. Mimi ni fundi wa nguo za harusi, na cherehani ikikimbia, ukuta unatetemeka. Nikahamia chumba cha pili, akasema bado unatetemeka. Sebuleni, vilevile. Mwishowe nikawa nashonea barazani kwa jirani, mjane mwenye roho nzuri na mdomo usio na komeo. Mvua ikija tunaiburuta mashine ndani, ikikatika tunaitoa, na pindo jeupe la bibi harusi wa watu nimelishika juu lisiguse tope.

Binti yetu alikua akitembea kwa ncha za vidole. Akiruka kamba uani, baba yake alitoka na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, kachezee kwa wenzako." Hakuwahi kumpiga wala kumfokea. Mwaka aliozaliwa alimtengea chupa, akaandika jina lake kwa chaki kwenye kitako cha chupa, kwamba itafunguliwa siku atakayoolewa. Siku ikafika, wakwe wamekaa, glasi zimepangwa, na Kizibo akasimama akasema chupa haijaiva, tuivumilie. Binti alicheka mbele za watu. Kisha akaja kulia bafuni, mimi nikimshikia shela isilowe. Tangu hapo baba yake anapata kwake salamu tu.

Miaka mingi kabla ya kustaafu, binti akiwa bado mdogo, aliacha ghafla kuongeza chupa. Nilipomuuliza alisema kukusanya kumekwisha, sasa ni kungoja. Nikadhani Mungu amesikia dua zangu kwa kuchelewa kidogo.

Sasa binti ana duka la nguo za harusi katika mji ulio mbali na hapa. Juu ya duka kuna vyumba viwili, na kimojawapo kina dirisha pana la upande wa mashariki. "Cherehani utaiweka pale, Mama," aliniambia kwenye simu, na mimi nikalitamani dirisha lile papo hapo. Kuingiwa na jua nikiwa nashona, ndani ya nyumba, bila kumwomba mtu radhi. Lakini Kizibo ana kisukari, miguu yake haimwamini tena, juzi juzi ameanguka kwenye kizingiti cha bafu. Kumwacha peke yake haiwezekani. Na yeye kuondoka hataki, kwa kuwa chupa hazisafiri.

Ndipo binti akatafuta mnunuzi. Mama mmoja anayekusanya mvinyo wa zamani kwa ajili ya mikahawa mikubwa. Chupa zikiuzwa, mzee hana kisingizio, na sisi wote tunapanda gari. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yetu, tukaifanya bila yeye. Nilimwambia asubuhi ile ile waliyokuwa wanakuja, akiwa anakunywa chai.

"Asije," akasema.

"Yuko njiani."

Aliweka kikombe chini kwa uangalifu, akashika ukuta mpaka chumba cha nyuma, akajifungia.

Walifika mchana. Mnunuzi alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, ana tochi ndogo na glavu nyeupe kwenye mkoba. Nikamkaribisha kiti. Binti yangu hakukaa.

"Yuko wapi?"

"Anajiandaa," nikasema. Kumtetea mtu yule kumekuwa kazi yangu ya pili baada ya cherehani, na hii hailipwi.

"Amejifungia, Mama. Usinifiche." Akanivuta pembeni, akashusha sauti. "Mwambie akitaka abaki nazo zote. Anipe ile yangu tu. Hata kuinywa sitainywa. Nataka nijue kwamba siku ile kweli ilikuwa haijaiva, si kwamba aliona uchungu kuifungua kwa ajili yangu."

Nilikwenda nikagonga. "Fungua, au nauvunja mlango huu mbele ya mgeni."

"Ingia peke yako," akajibu. "Vua viatu."

Nilivua, nikicheka kwa hasira. Ndani mlikuwa na taa hafifu na baridi ya kuuma meno. Rafu zilipanda mpaka darini, na yeye ameketi kwenye kigoda katikati, blanketi mabegani. Niliona aibu kumkuta amekuwa mdogo vile.

"Huyo mama anaijua kazi?" akaniuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi akiwasha tochi tu, ataona."

"Ataona nini?"

Akanyoosha mkono kwenye rafu ya chini, akanipa chupa. Kizibo chake kilikuwa kimeinuka kupita mdomo, na pembeni paliganda michirizi kama ya sharubati. Mvinyo wenyewe ulikuwa umepungua hadi mabegani mwa chupa. Akakitoa kizibo kwa vidole tu, hata kizibuo hakuhitaji. Sikulazimika kuinusa. Ilinijia yenyewe puani, siki, na nyuma ya siki harufu ya kitu kilichopikwa kikasahaulika jikoni.

"Hii imeharibika," nikasema.

"Zote."

"Zote vipi? Na ile ya mtoto?"

"Ile ndiyo niliyoifungua ya kwanza. Nikairudishia kizibo." Hakunitazama. "Tangu msiba wa mama yako."

Nikashika rafu. Msiba wa mama yangu ulitukuta kiangazi, binti bado yuko shule ya msingi. Yeye alitangulia na mtoto, mimi nikabaki kufunga nyumba. Kule tulikaa hadi shughuli zote za matanga zikaisha, na yeye akarudi kabla yangu kwa ajili ya kazi. Sasa ananiambia kwamba aliporudi alikikuta chumba hiki kina joto la tanuri, vizibo vimeinuka, sakafu inanata.

"Umeme ulikatika," nikasema.

Akaitazama mikono yangu. Na hapo nikajiona mwenyewe, siku ile, nimevaa nguo za msiba, begi mlangoni. Soketi ya jikoni ilikuwa inatoa cheche. Nikaona nyumba isije ikaungua hatupo, nikaivuta swichi kubwa ya ukutani, nikazima kila kitu. Nilijiona mwanamke mwangalifu njia nzima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umetoka kumzika mama yako. Nikasema nitakuambia ukipoa. Ulipopoa, nikaona nikikuambia utalia upya. Baadaye ikawa kila siku ni ngumu kuliko jana yake."

"Na cherehani yangu?" Sauti ilinitoka nisiyoijua. "Miaka yote hii nashonea barazani kwa watu, nanyeshewa, nisije nikaiamsha siki?"

"Ningekwambia ushonee ndani, ungeuliza kwa nini."

Nilimchukia. Sitaki kulipamba neno hilo. Nilitamani niziangushe rafu zote, tuzame wote humo humo kwenye uvundo wake. Alinihurumia kwa kunifungia nje, akajifungia yeye ndani, akaja kila asubuhi kufuta vumbi kwenye maiti. Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtu anajua, lakini huyu mtu alikaa miaka amelinda pale yalipomwagika.

"Kamwambie mtoto," akasema. "Mwambie mimi ndiye niliyezima. Hasira zake nimeshazizoea, hazitaniongezea kitu."

Nilisimama pale nyayo zinakufa ganzi. Nikimwita yule mama na tochi yake, mambo yanakwisha jioni hiyo hiyo. Hakuna cha kuuza, hakuna cha kulinda, tunafunga mizigo. Dirisha lile ni langu. Lakini binti yangu ni mshonaji kama mimi, akiona uzi umetokeza anauvuta mpaka mwisho. Atauliza ilikuwaje. Nikisema ni baba yake, nitakwenda kukaa juu ya duka lake, nile chakula chake, nishone kwenye mwanga wake, naye akimchukia baba yake kwa kazi ya mkono wangu. Nikisema ni mimi, yale machozi ya bafuni yanakuwa yangu, yale aliyonililia kifuani akiamini ndipo mahali pekee salama katika nyumba hii. Mzazi asiyegombana naye amebaki mmoja. Nilitaka anipende. Ni hilo tu, na sina njia ya kulifanya lionekane zuri zaidi.

Nikatoka. Mnunuzi alikuwa ameshavaa glavu.

"Utuwie radhi, mama," nikamwambia. "Tumekusumbua bure. Hatuuzi."

Alizivua kidole kimoja kimoja, hakuuliza kitu, akatangulia garini. Binti alibaki amenikodolea.

"Amekataa."

Nikakirudisha kiti cha mgeni mahali pake. Nikamwacha aamini hivyo.

"Na ile yangu?"

"Hata ile."

Nilidhani atapiga kelele. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyepewa majibu aliyoyajua tangu zamani, na hilo lilinikata kuliko kelele. "Basi panda gari wewe, Mama. Umeshona vya kutosha kwenye baraza za watu. Huyo tutamtafutia mtu wa kumwangalia."

"Siendi."

"Mama, huyu mtu atakuzika humu."

"Nimesema siendi. Si yeye aliyenikataza."

Hilo ndilo neno pekee la kweli nililomwambia siku ile, na hakuliamini. Alinibusu shavuni haraka haraka, akasema atapiga simu, akaondoka. Jirani alichungulia barazani kwake akauliza kama nashona leo. Nikamwambia kesho.

Nilirudi chumba cha nyuma kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kizibo alikuwa vilevile kwenye kigoda, ile chupa iliyofunguliwa miguuni pake.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia umekataa."

"Ahsante," akasema, na akasogeza blanketi ili nipate pa kujifunika. Heri angenitukana.

Nikabaki nimesimama pale pale, mlango uko wazi mgongoni kwangu, joto la ukumbini linaniingia kisogoni. Yeye akainua macho kwenye kiyoyozi. Akasema kwa kuwa sasa najua, hamfichi tena mtu, tunaweza kukizima, na kesho niilete cherehani yangu ndani. Alisema kwa sauti nyepesi, ya kijana niliyemjua zamani, na nikaona mzigo unamtoka mabegani.

"Usithubutu," nikamwambia. "Mtoto akirudi siku moja akakuta chumba kina joto na mimi nashonea ndani, atauliza."

Akanitazama, mkono wake bado uko njiani kuelekea swichi.

"Hebu sogea nikae," nikasema, nikaurudisha mlango. "Baridi inatoka."