Jembe Nyuma ya Mlango

Ushuhuda wa Auleria ulijulikana Nyakasimbi nzima, na mwenyewe alilijua hilo, ingawa mlokole hatakiwi kujua mambo ya namna hiyo. Kila Alhamisi alasiri ndugu wa uamsho walikutana nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu akasimama kuweka nuruni yale aliyoyatenda. Akiwapo mgeni, haikukosekana sauti ya kuomba: "Mama Auleria, tupe ule wa mkungu." Naye hakuwa mtu wa kubembelezwa mara mbili.

Ulikwenda hivi. Asubuhi moja alikuta mkungu mnene wa ndizi umekatwa kibanjani, shambani kwake kwa migomba. Akamshika kibarua mmoja Mrundi aliyekuwa akimpalilia kahawa, akamwambia siku za mwizi ni arobaini, akamfukuza majirani wakitazama. Mwezi haukuisha, shemeji yake Novatus akapita pale amelewa rubisi, akasifu ndizi zilizoitengeneza na kibanja alikozikata. Hapo Auleria aliiga ulimi mzito wa Novatus, na watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha alishusha sauti: "Nilipiga magoti palepale. Yesu akaniosha." Ndugu wakaimba, wakamkumbatia. Miaka sita walikuwa wakimkumbatia kwa mkungu uleule.

Kwa hiyo mwinjilisti Projest alipopanga safari ya misheni, hakuhangaika kutafuta msemaji. Usharika ulitaka kufungua mtaa mpya wa kanisa vijijini mbele ya Nkwenda, kwa familia zenye asili ya Rwanda na Burundi zinazoishi kwa kulima mashamba ya watu. Walikuwa wakisali chini ya turubai.

"Wale wamehubiriwa vya kutosha," Projest alisema. "Wanataka kumwona mtu aliyetubu."

"Watamwona," alisema Auleria, na usiku ule alipiga pasi kitenge chake kipya.

Jumamosi walipanda lori dogo la kubebea kahawa, wakaimba njia nzima, wakafika saa nne. Chini ya turubai walikaa watu kama sitini. Wengi walikuwa wametoka shambani moja kwa moja, majembe yao wameyaegemeza kwenye nguzo. Auleria alisimama, akasema Bwana Yesu asifiwe, akaanza. Mkungu ukakatwa, kibarua Mrundi akafukuzwa, Novatus akalewa. Waliocheka ni wale waliokuja naye kwenye lori. Wenyeji walimtazama kwa adabu tu, na adabu ile ikamtia wasiwasi. Aliharakisha kupiga magoti, akamaliza.

Mwanamke mmoja wa benchi la tatu akainuka. Projest alidhani anakuja kuokoka, uso ukamng'aa. "Karibu, dada. Sema neno."

"Shikamoo, mama," mwanamke yule alimwambia Auleria.

"Marahaba, mwanangu."

"Naona hukunitambua. Ni mimi Nikuze. Ni mimi uliyenifukuza." Alisema polepole, bila hasira. "Nimefurahi kusikia ulitubu. Na jembe langu?"

Auleria aliyatazama majembe yaliyoegemezwa kwenye nguzo. Jembe. Asubuhi ile ya mkungu alimnyang'anya Nikuze jembe, akamwambia halipati mpaka ndizi zirudi. Ukweli ulipojulikana, Nikuze alikwishaondoka, na jembe likabaki nyuma ya mlango wa jikoni. Kitu kikikaa nyuma ya mlango wako muda mrefu kinakuwa chako. Jumatatu iliyopita tu alipalilia maharage kwa hilohilo. Miaka sita ya kuweka mambo nuruni, na jembe halikutajwa hata siku moja.

Projest ni mtu mwema, na alifanya kile ambacho walokole hufanya kimya kinapozidi: alianzisha wimbo. Auleria akainua mkono.

"Msiimbe. Bado sijatubu." Akamgeukia Nikuze. "Ninalo. Mpaka leo ninalilimia."

"Nilijua," alisema Nikuze. "Mwaka ule nililima kwa jembe la kuazima. Mwenyewe akimaliza, ndipo nami nianze. Mvua zikaisha maharage yangu hayajatoa maua." Akaketi.

Siku hiyo hakuokoka mtu. Lorini hakuna aliyeimba, na Auleria aliona aibu, aibu hasa, ile isiyosimuliwa ikachekesha. Siku za mwizi ni arobaini. Zake zilikuwa zimechukua miaka sita.

Jumatatu alirudi peke yake kwa bodaboda, majembe mawili mapajani: la zamani, na jipya alilonunua sokoni Nkwenda. Alimkuta Nikuze akipalilia. Hakumtaja Yesu, hakumtaja Novatus.

"Nilikuonea, Nikuze. Nikakunyang'anya jembe, nikalikalia. Nisamehe."

Nikuze alilichukua lile la zamani. Bapa lake lilikuwa limelika, limebaki nusu. Akalipima kwa kiganja.

"Umelima sana na hili."

"Nimelima."

"Jipya nalichukua, ni haki yangu. Hili kaa nalo. Ukisimama kutoa ushuhuda, simama nalo." Alimtazama moja kwa moja. "Na usiseme tena kibarua mmoja Mrundi. Nilikulimia misimu minne, mama, jina langu unalijua. Tena mimi nilizaliwa Nyakakika, hukuhuku Karagwe kwenu."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Auleria alisema kwa unyonge. "Kamba nilikufunga mimi." Kisha akauliza: "Umenisamehe?"

"Alhamisi nitakuja nikusikilize kwanza."

Akaja kweli. Alikaa karibu na mlango, vumbi la safari miguuni. Kulikuwa na wageni wawili, na kama kawaida ndugu wakaomba ule wa mkungu. Auleria akasimama na jembe lililolika.

"Anaitwa Nikuze binti Twizeyimana," alisema, "mzaliwa wa Nyakakika. Jembe hili ni lake. Nilimwibia."

Alitaka kuendelea, maneno yakakataa. Yale aliyoyazoea hayakufaa tena, na mengine hakuwa nayo. Alisimama tu akilia, bila ufundi wowote. Hakuna aliyecheka. Projest alifungua kinywa aanzishe wimbo, akamtazama Nikuze, akakifunga.

Kisha wimbo ukaanzia kule mlangoni, kwa Kirundi, sauti moja. Nikuze aliimba ubeti mzima peke yake, na ndugu wa Nyakasimbi, ambao maneno hawakuyajua, wakamfuata taratibu kwa sauti tu.