Wawili Mlangoni

Sare ya sherehe ya sajenti ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, ikiwa bado ndani ya mfuko wa dobi. Nailoni ilikuwa imeshika vumbi mabegani. Kapteni aliiona kabla hajaona kitu kingine chochote, kabla hata hajaitikia saluti, na moyoni akasema basi, kazi imekuwa rahisi. Mtu ambaye hata sare hajaitoa kwenye mfuko hana cha kujitetea.

Kila mwisho wa mwezi kapteni alizunguka vituo vya kuandikisha askari, akakaa na kila timu na kuitathmini. Vituoni walimwita Mizani. Jina hilo alilijua na halikumuudhi. Zamani kidogo lingemuudhi, na zamani zaidi lingemchekesha, lakini siku hizi mambo yalimpitia tu. Alisikiliza sababu za watu kama anavyosikiliza mvua juu ya bati: anajua inanyesha, wala hainuki kwenda dirishani. Tathmini yenyewe aliijaza tangu jana yake, mezani kwake makao makuu, kwa kutazama idadi ya walioandikishwa. Kuja kituoni kulikuwa kuja kuisoma kwa sauti.

Kituo hiki kilikuwa chumba kimoja kando ya duka la vifaa vya ujenzi. Kilikuwa na meza mbili, benchi la vijana wanaosubiri, mizani ya kupimia uzito na rula ndefu iliyochorwa ukutani. Benchi lilikuwa tupu. Nyuma ya meza moja alikaa sajenti, mtu mzima aliyerudi kutoka mpakani na sikio moja lisilosikia. Ukizungumza naye hukugeuzia upande mzima wa uso kama jogoo. Nyuma ya meza ya pili alikaa koplo, dada mwenye mwili mdogo na macho yasiyotulia. Wote wawili walivaa kombati.

"Mlipata agizo langu?" kapteni aliuliza, akifungua mkoba.

"Tulilipata, afande," sajenti alisema.

"Linasema mkienda majumbani kushawishi vijana mvae sare ya sherehe. Vifungo vya shaba, kofia, nishani. Vituo vingine vyote vimepanda. Ninyi mmeporomoka. Na ninyi ndio mliokuwa mkiongoza."

"Ni kweli, afande."

"Mwezi uliopita nilikupa chini ya kiwango. Leo ikiwa hivyohivyo, unajua utaratibu."

Sajenti aliujua. Mwandikishaji aliyepata chini ya kiwango mara mbili mfululizo hurudishwa mpakani na bunduki yake. Alikuwa na pacha nyumbani ambao walikuwa hawajaanza hata kutambaa, na mke ambaye tangu ajifungue alikuwa akishika ukuta ili asimame. Hakulitaja hilo. Aligeuza sikio lake zima, akasema, "Naujua, afande," kana kwamba ameulizwa njia ya kwenda sokoni.

Kapteni akashika kalamu. Hakumwonea huruma wala hakumchukia. Alikuwa na hamu ya chai tu.

"Una la kusema?"

"Sina, afande."

"Analo," koplo akadakia. "Lakini hatasema, hata umning'inize pale na ile sare. Naomba ruhusa niseme mimi, afande."

"Koplo," sajenti alimwonya.

"Kama ni kuadhibiwa nitaadhibiwa. Afande, mtaa huu kila nyumba ina askari. Ndiyo maana tulikuwa tukiongoza. Sajenti anaingia na kombati yake, anakaribishwa chai, anataniwa, anaulizwa habari za pacha, mwisho kijana mwenyewe anamfuata hadi hapa. Kombati ni mtu wa nyumbani. Sasa niambie, afande: jeshi letu likienda kuipa familia habari ya msiba, linakwenda vipi?"

Kapteni aliitazama ile sare mlangoni. Alijua, kila askari anajua. Wanatumwa watu wawili, na huvaa sare ya sherehe.

"Tulilitii agizo," koplo akaendelea, sauti ikishuka. "Siku ileile lilipofika. Tulikwenda nyumba ya nyuma ya kinu. Mkubwa wao yuko mpakani, mdogo ndiye alikuwa anataka kujiunga. Mama yao alikuwa anaanika nguo. Akatuona tunaingia getini, wawili, vifungo vinamelemeta. Hakuuliza kitu. Alikaa chini palepale kwenye maji ya kufulia, na shuka mkononi. Halafu akanyanyuka, akakimbilia ndani, akajifungia."

"Mlimweleza?"

"Sajenti alimweleza mpaka koo likakauka. 'Mama, tumekuja kwa ajili ya mdogo, mkubwa hajambo.' Hakuamini. Aliona tunamlainishia. Majirani wakasikia kilio, wakaja. Wanawake wakaanza kulia, wanaume wakaanza kubeba viti. Afande, viti vya msiba vilipangwa uani mtu akiwa mzima! Sajenti akapiga simu huku na huku hadi kijana akapatikana. Mama akapitishiwa simu dirishani. Akaongea naye, bado akamwambia, nitajie tulikuwa tunamwitaje mbuzi wetu."

Koplo alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Nje, mtu alikuwa akipakia nondo kwenye gari, chuma kikigongana na chuma.

"Alipotoka," sajenti akasema ghafla, akiitazama meza, "aliniambia, sikulaumu, mwanangu, ila usije tena. Nikasema sawa, mama. Basi. Siku hizi nikipita, milango inafungwa, hata nikiwa na kombati. Nami sibishi hodi. Nakaa hapa. Anayekuja mwenyewe, namwandika."

"Kwa nini hukuliweka kwenye taarifa?"

"Taarifa ina sehemu ya sababu, afande. Zimeshachapwa: mvua, sikukuu, upungufu wa vifaa. Ningeweka tiki wapi?"

Agizo lilikuwa lake kapteni. Alilibuni mwenyewe kikaoni, kanali akampongeza mbele ya watu, na yeye akarudi mezani kwake na kuendelea na kazi. Sasa alijikagua moyoni, kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo anaojua aliuweka humo. Alipaswa kuona aibu. Alipaswa angalau kumwona yule mama na shuka lake. Hakupata kitu. Alichokiona ni kosa la hesabu, na kosa la hesabu husahihishwa.

Akakata mstari juu ya alichokijaza jana. Pembeni akaandika kwamba timu imeshuka kwa sababu ya agizo la sare, na agizo lilitolewa na yeye mwenyewe. Sajenti abaki kituoni, agizo lifutwe. Akaweka sahihi, akawageuzia karatasi.

Sajenti alisoma polepole. "Kanali akiona hii atakuhamisha wewe, afande."

"Huenda."

"Mpakani?"

"Huenda," kapteni alirudia, akafunga mkoba. Koplo alimtazama kana kwamba anasubiri aseme neno jingine, neno la kibinadamu. Hakuwa nalo. Alipofika mlangoni aligusa mfuko wa dobi kwa kidole, vumbi likamganda, akalipangusa kwenye suruali.

Kila alipomaliza mzunguko wake alipitia kwa mama yake. Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama, alikuwa mpakani mwaka wa pili sasa, mahali ambapo simu huingia siku ikitaka. Kwa hiyo kapteni, kama binti wa nyumba, ndiye aliyempelekea mama mahitaji. Dereva wake, askari mnyenyekevu, hakukubali hata siku moja afande abebe mzigo. Alimfuata na kikapu mpaka mlangoni. Na kwa kuwa mkaguzi lazima awe mfano kwa anaowakagua, wote wawili walikuwa katika sare ya sherehe, nadhifu kwelikweli.

Kila mara mama alichelewa sana kufungua. Kapteni alibisha, akasikia kiti kikisogezwa, kisha kimya. Pazia la dirisha lilitikisika kidogo. Kisha kimya tena, kirefu, ndipo kitasa kikazunguka, na mama akajitokeza amekunja midomo, mkono mmoja umeshika fremu. Ni miguu, kapteni alijiambia siku zote. Umri umeanza. Alimnunulia dawa ya kuchua. Mama alishukuru, na chupa ikawekwa juu ya kabati bila kufunguliwa.

Siku hiyo gari liliposimama, dereva alishuka, akachukua kikapu, akamfungulia mlango. Kapteni hakushuka. Alitazama buti za dereva zilizong'aa, kisha vifungo vya koti lake mwenyewe, kimoja baada ya kingine hadi shingoni.

"Afande?"

"Nipe hicho kikapu. Wewe kaa ndani ya gari."

"Lakini afande, ni kizito."

"Kaa ndani."

Alivua kofia. Akavua koti, akaliacha kwenye kiti limejikunja vibaya. Akatoka na fulana yake nyeupe, kikapu kikimvuta bega upande mmoja. Kabla hajaligusa geti akapaza sauti, sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu utotoni akitumwa dukani na kurudi:

"Mama! Ni mimi! Hakuna neno, mama! Nimekuja kukusalimu tu!"

Mbwa wa jirani akabweka. Hakuwa amefika hata katikati ya uwanja mlango ulipofunguka kwa kishindo, na mama akatoka peku, mwiko mkononi, akiteremka ngazi mbilimbili kama msichana.

"We mtoto, mbona unanadi kama muuza samaki?" mama aliuliza, na alikuwa anacheka.

Kapteni alisimama. Aliitazama ile miguu, myepesi, mizima, imepiga hatua zote zile bila kushika kitu. Kikapu kikamteleza mkononi, vitunguu vikabingirika kwenye mchanga. Kitu kilimpanda kifuani kwa nguvu, naye hakukizuia.

Mama aliacha kucheka. Alimtazama binti yake, akatazama gari na dereva aliyekaa ndani yake, akarudisha macho kwenye fulana. Hakuuliza kitu. Aliinama, akaanza kuokota vitunguu na kuvipangusa kwa kanga.

"Uwe unakuja hivi," alisema.