Kila Baada ya Saa Nne

"Mwanao ana siku tisa leo, mbona hatumsikii akilia?" Jirani, fundi cherehani wa chumba cha pili, aliuliza wakianika nguo.

"Mpole huyu, mama. Nimemzoesha saa."

Mama wa mtoto alijibu kichwa kimemvimba. Miaka sita alifanya kazi za ndani, akilea watoto wa watu kwa kufuata karatasi iliyobandikwa kwenye friji: maziwa kila baada ya saa nne, si kabla. Alipoacha kazi aliiomba, akaja nayo kwake. Mumewe, dereva wa lori, yuko safarini wiki ya pili na simu haishiki. Mama yake mzazi alishafariki. Hakuwa na wa kumuuliza, basi akaiuliza karatasi. Mtoto akilia kabla ya wakati, alikaa kitandani macho kwenye saa ya ukutani, maziwa yakimchuruzika hadi kwenye gauni, wakalia wote wawili. Tangu jana mtoto alikuwa ametulia tuli, naye akamshukuru Mungu.

Alasiri fundi akabisha hodi, futi ingali shingoni.

"Leo umebadilisha nepi ngapi?"

"Moja."

"Moja tu! Na jana?"

"Mbili. Mama, nimelea watoto wanne mimi, usinirudishe darasa la kwanza."

"Uliwapokea wakiwa na umri gani?"

Akawakumbuka mmoja mmoja. Mdogo kuliko wote alikuwa ameshaanza kutambaa.

"Mwanangu, kichanga tumbo lake dogo. Hunyonya mara nane, kumi, hata kumi na mbili, usiku na mchana. Akitaka, mpe. Akilala saa tatu zikapita, mwamshe umpe. Kwani ameajiriwa huyu, hata umpangie zamu?"

Mama wa mtoto akampakata mwanawe, akamtia ziwa kinywani. Midomo haikushika, maziwa yakatoka pembeni, yakateremka shingoni. Akamvua nguo, akamkuna nyayo, akamwita kwa kila jina la mapenzi alilolijua. Jicho moja likafunguka kidogo, likajifumba.

"Sasa kwa nini hukuniuliza?" fundi alisema taratibu. "Ukuta huu huu mmoja."

Angemwambia nini? Kwamba katika nyumba zote alizokaa, hakuna aliyependa kuulizwa? Akamfunika mtoto vizuri, akachukua kadi ya kliniki juu ya kabati.

"Ngoja nijitupie mtandio, twende wote," fundi akasema.

Lakini yeye alishavuka kizingiti, mtoto kifuani, akielekea kliniki.