Wimbo wa Hasi Ishirini na Tatu

Studio ya Munira ilikuwa chumba kimoja tu mjini Korogwe, nyuma ya duka la vifaa vya umeme la Vipul, kuta zimezibwa kwa magodoro ili ngurumo za malori zisipenye. Humo ndani aliwarekodi akina mama wa kikundi cha Kwedizinga siku tatu mfululizo, wakiimba wimbo wao wa Kizigua wa kupalilia mahindi, Maryamu akianzisha na wenzake wakiitikia. Kazi ikatoka vizuri hata mwenyewe akaipenda.

Wimbo uliombwa na redio moja ya Dar es Salaam, nao walitoa sharti: ukubwa wa sauti, kwa wastani wa wimbo mzima, uwe hasi ishirini na tatu kwenye kipimo, ambapo sifuri ndiyo kelele ya mwisho. Usizidi, usipungue. Munira alipima mara nne. Ulikaa palepale.

Zamda, kiongozi wa kikundi, alichukua nakala kwenye fleshi akaipeleka kwa muuza nyimbo wa Kabuku, ikapigwa mara tu singeli ilipokwisha. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Munira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, umetuaibisha." Alijikalia kwenye kreti ya soda. "Wimbo wetu umeingia kama watu waliofunga siku saba. Mtu akauliza kama spika imekufa."

"Zile nyimbo nyingine zimebanwa, mama, mpaka kila kilichomo kinapiga kelele sawasawa. Wa kwenu una pumzi. Maryamu anaposhusha sauti, nanyi mkampokea, panasikika. Anayetaka kelele aongeze spika."

"Na nani atasimama kwenye kila spika ya mkoa huu aiongeze?"

Munira aligeukia kompyuta. Aliupandisha wimbo huku Zamda akimwambia bado, bado, mpaka sauti ya Maryamu ikawa inakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye changarawe. Zamda akaridhika. Akasisitiza kwamba hata redio wapelekewe huo huo. Kikundi hakitaki nyimbo mbili.

Jumatatu redio waliurudisha. Umezidi kipimo kwa kumi na nne, waliandika, na sauti imepasuka. Chini yake waliongeza: fundi wenu ajifunze viwango. Munira aliusoma mstari huo mara tatu, kisha akafunga kompyuta kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Alasiri alikwenda Ngombezi kwa mzee Bonaventura, aliyemfundisha kazi. Mzee huyo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzunguka mkoa na mashine ya tepu za gurudumu, akirekodi ngoma na hotuba.

"Mimi nisingeupandisha," alisema. "Mshale wa kipimo ukigusa nyekundu, nilikuwa namsimamisha hata mkuu wa wilaya."

"Wewe ulikuwa na gari la serikali na mshahara, mzee. Wateja wangu wanapajua mpaka nyumbani kwangu."

Mzee akamwomba ampunguzie feni. Munira akaondoka bila alichokifuata.

Usiku huo huo aliwatumia redio ule wimbo wa kwanza, bila kumwambia Zamda. Hakuwa amewahi kumzunguka mteja namna hiyo, na moyo haukumtulia.

Jumamosi, siku ambayo redio walisema wataupiga, kikundi kizima kilikusanyika Kabuku, kwenye kibanda cha yule muuza nyimbo, chenye redio, na Munira akaitwa. Taarabu ilipokwisha, wimbo wa Kwedizinga uliingia kwa nguvu ile ile, maana redio ile huweka kila kitu kwenye kipimo kimoja. Sauti ya Maryamu ilishuka, wenzake wakaipokea, na Maryamu mwenyewe akajifunika mdomo kwa kanga. Muuza mihogo aliacha kumenya.

Zamda alimgeukia Munira. "Umesikia? Wale ndio mafundi. Wametutengenezea."

"Hawajagusa kitu, mama. Ni ule wa kwanza, nimewatumia mimi."

Zamda alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyekamatwa na uongo mdogo. "Mwanangu, ule wa kwanza niliusikia kwa masikio yangu haya. Hapa hapa."

"Zile nyimbo nyingine ndizo zilizokuwa juu, mama. Redioni zote zimeshushwa..."

"Usijisumbue. Hatuna kinyongo." Akampigapiga begani. "Ila msimu ujao tutakwenda kurekodia kulekule Dar."

Munira alitaka kusema tena, akaona wanawake wamekwishaanza kumpongeza Maryamu, kila mmoja kwa zamu. Akachukua mkoba wake akavuka barabara kusubiri gari la Korogwe.