Daftari la Nakala la Doña Leocadia

Sikupekua. Naanza na hilo kwa sababu mpwa wa Doña Leocadia mpaka leo anaeneza kwamba nilipekua daftari lake. Nilikuwa natafuta ukurasa mtupu, basi.

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na nane, hapa Cayey, kwenye karakana ya tumbaku. Doña Leocadia Monserrate alikuwa ofisini kwa msimamizi akinywa kahawa. Miaka kumi mama huyu alikuwa akidai wanawake wa kisiwa chetu wapige kura, na asubuhi ile alikuja kuchukua alama zetu kwenye ombi la kupelekwa Bungeni San Juan. Mimi nilikuwa namwandalia meza: karatasi sita za ombi, kalamu, wino, na daftari lake la nakala, ambalo hakuliacha nyumbani hata akienda kanisani.

Wenzake walishahamia kwenye taipu. Yeye aliandika kwa mkono, kwa wino wa kunakili, na barua ikiwa bado mbichi ililazwa chini ya ukurasa mwembamba wa daftari, juu yake kitambaa chenye unyevu, halafu vikabanwa pamoja kwenye mashine. Barua ikaenda zake, maneno yakabaki. Kila Jumapili kazi ya kubana ilikuwa yangu. "Mtu husahau, Obdulia," alikuwa akiniambia. "Daftari halisahau."

Ukurasa wa mwisho ulioandikwa haukuwa wa Jumapili. Ulikuwa wa Jumanne, na sikuubana mimi.

"Mheshimiwa Seneta," ulisema. "Nimekubali mswada useme wanawake wanaojua kusoma na kuandika. Wanawake wa viwandani niachie mimi. Nitakuletea alama zao zaidi ya mia moja, wenzako waone kwamba hata wao wanaiunga mkono sheria hii. Hakuna haja ya kuwasomea kifungu kwa kifungu."

Niliusoma mara mbili.

Mwelewe jambo hili lilikuwa zito kiasi gani. Ukumbini mlikuwa na wanawake mia moja sitini na tatu, kila mmoja na pipa lake, wanachomoa uti wa jani na kulaza nusu mbili ukingoni. Waliojua kusoma hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Basi waliombwa watie msalaba kwenye karatasi ya kuomba sheria itakayowafungia nje wale wanaotia msalaba. Na mmojawapo alikuwa Casilda, mama yangu mzazi, pipa la tatu kutoka dirishani.

Mimi je? Mimi nilikuwa ndani. Nilijua kusoma, tena aliyenifundisha ni Doña Leocadia mwenyewe, jikoni kwake, nikiwa na miaka kumi na miwili. Miaka yote ile niliyokwenda kusoma, mama alichambua pipa lake na langu. Na wiki iliyopita tu Doña alikuwa ameniahidi kazi ya ukarani kwenye ofisi ya Umoja wao wa kudai kura, San Juan. Kura ningepata, kazi ningepata. Nilichotakiwa ni kufunga daftari na kufunga mdomo.

Nikalifunga daftari.

Mlango ukafunguka, Doña akaingia na kofia yake ya kijivu, msimamizi don Fermín nyuma yake akitazama saa.

"Tayari, binti yangu?"

"Tayari, doña."

"Mbona umepauka? Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Tukimaliza twende nyumbani, kuna wali na njegere." Akanishika shavu. Heri asingenishika.

Lazima niseme kuhusu jukwaa. Karakana zetu zilikuwa na msomaji, anakaa juu na kuwasomea watu wakiwa kazini: magazeti asubuhi, kitabu mchana. Kitabu walikichagua wenyewe kila Ijumaa kwa kunyoosha mikono, na ole wake msomaji aliyeruka ukurasa kwa sababu yeye haupendi. Don Chepo, msomaji aliyenitangulia kwenye kiti hicho, aliniachia maneno mawili tu: msomaji hachagui. Na kulikuwa na sheria ya wanawake wenyewe, waliyoitunga baada ya kuumwa na nyoka siku za nyuma: hakuna karatasi inayotiwa alama ukumbini kabla haijasomwa yote kutoka jukwaani.

Nikapanda. Mapipa yakagongwa kwa vifundo vya vidole. Ndiyo salamu yetu. Nikasoma ombi. Lilikuwa fupi: sisi wanawake wa tumbaku wa Cayey tunaliomba Bunge lipitishe mswada wa kura ya wanawake kama utakavyowasilishwa na Mheshimiwa Seneta.

"Amina!" akapaza sauti Nicanora, ambaye hata mazishini hakukosa neno. "Nikipata kura, wa kwanza kumwondoa ni mume wangu."

Wakacheka. Doña Leocadia naye akacheka, akachovya kalamu. "Haya, dada zangu, nani anaanza?"

"Ngoja," akasema mama.

Hakusimama. Aliendelea kuchomoa uti, macho kwenye jani.

"Huo mswada wenyewe unasemaje?"

"Unasema mwanamke atapiga kura, Casilda."

"Mwanamke yupi?"

Ukumbi haukujua bado kwamba kuna jambo. Mimi nilijua, na Doña alijua, na nadhani mama aliona usoni mwangu tangu nilipopanda. Doña akageuka kunitazama, akatabasamu, akasogea jukwaani, akatia kalamu mkononi mwangu kama mtu anayekabidhi ufunguo.

"Obdulia, waambie. Wewe wanakuamini."

Maneno hayo ndiyo yaliyonikata. Siyo barua. Kama angesema uongo mwenyewe, labda ningenyamaza, Mungu anisamehe. Lakini alitaka niuseme mimi, kwa mdomo wangu, kutoka kiti kile.

Nikashuka ngazi mbili, nikachukua daftari mezani, nikapanda tena.

"Obdulia," akasema polepole. "Hilo ni la barua zangu binafsi."

"Ndiyo, doña."

"Liweke chini."

"Soma," akasema mama.

Nikasoma. Sauti ilikuwa inanitetemeka mwanzoni, lakini nilipofika kwenye "niachie mimi" ilikuwa imenyooka. Nilisoma mpaka tarehe na jina. Mapipa hayakugongwa.

"Kumbe!" akasema Nicanora, na safari hii hakuna aliyecheka. "Tumealikwa harusini kuosha vyombo."

Halafu wakalipuka wote pamoja. Don Fermín akapiga makofi kuwarudisha kazini. Angepigia mawe yangemsikia zaidi. Doña Leocadia alisimama wima, mashavu yamemwiva, na nitamtendea haki: hakukimbia.

"Nisikilizeni! Miaka kumi nimebisha mlango ule. Mara tatu mswada umezikwa, na kila mara ni kwa sababu yenu, kwa sababu wanaogopa kura zenu. Sasa wanatoa nusu. Nichukue nusu leo, nirudi kesho kwa iliyobaki, au nirudi mikono mitupu mara ya nne? Mngefanyaje ninyi?"

"Tungeulizwa kwanza," akasema mama.

Sasa alisimama. Alikuwa mfupi, aproni yake imeganda utomvu. Akafuta mikono, akaanza kusema kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti ya msomaji:

"'Dada zangu wa mapipani. Nimepokea salamu zenu. Wananiambia nianze na wachache, wengine watafuata. Nimewajibu kwamba sitaingia kwenye mlango ambao ninyi hamtapita.'"

Doña alikunja uso. Nikaona hakuyatambua maneno hayo.

"Barua yako," mama akamwambia. "Mwaka wa ishirini na moja, baada ya mgomo. Don Chepo alitusomea hapa, tukaomba arudie siku tatu mfululizo."

Mwanamke wa pipa la nyuma akaendelea: "'Mwambieni mwenye kusema hamjui kitu kwamba mnajua bei ya mchele, na urefu wa siku...'"

"'...na majina ya watoto mliowazika,'" akamalizia mwingine. Na wengine wakaingia, kumi, ishirini, barua ile nzima mpaka "wenu daima". Hawakukosea neno. Wewe unayejua kusoma unaweza kusahau, maana karatasi ipo. Wao hawakuwa na karatasi.

"Wewe umeandika barua nyingi, doña," akasema mama, bila ukali. "Sisi tulipata hiyo tu."

Doña Leocadia akakaa. Akavua kofia, akaiweka magotini. Nilitamani kwenda kumshika bega na nilitamani kumpiga kofi, vyote kwa pamoja.

"Ichaneni!" sauti zikapazwa. "Ichane hiyo karatasi, Obdulia!"

"Haichanwi," akasema mama. "Nipeni kalamu."

Akanyoosha kidole jukwaani.

"Yule pale juu ni mwanangu. Nilichambua mapipa mawili miaka minne ili ajue kusoma. Sheria hii inamwingiza. Kwa nini nimfungie mlango kwa sababu mimi nimefungiwa? Nitatia alama. Lakini sitii alama kama kipofu. Mwanangu, andika juu, kwenye kila karatasi. Andika: Tunajua sheria hii inatuacha nje. Tunawaombea binti zetu. Na yetu tunaidai."

"Anayekubali?" nikauliza, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Mikono ikanyooka kama Ijumaa. Nicanora alinyoosha miwili.

Nikayaandika mara sita kwa wino wa Doña, machozi nikiyafuta kwa mkono wa gauni yasidondoke. Wakaja mmoja mmoja, nikaandika jina, wakatia msalaba. Mama aliikandamiza kalamu mpaka wino ukamwagika, msalaba wake ukatoka mnene kuliko wote.

Doña alikusanya karatasi. "Nitazifikisha," akasema.

"Najua. Lakini kwanza nakala," akasema mama.

"Casilda, mashine yangu iko nyumbani."

"Hapa tunabana marobota ya tumbaku, doña. Karatasi sita zitatushinda?"

Don Fermín akaanza kusema mashine ni mali ya kampuni. Nicanora akamuuliza kama angependa kubanwa yeye kwanza, watu wapate kuona inavyofanya kazi. Msimamizi akarudi ofisini. Tukatandika karatasi ndani ya daftari, tukaweka vitambaa vibichi tunavyofunikia majani, tukazungusha gurudumu wanawake wanne. Nakala zilitoka na madoa ya kahawia, lakini zilisomeka zote.

Doña akaondoka na mkoba wake na daftari lake. Wali na njegere sikuutaja, naye hakuutaja.

Sheria ilipita mwaka uliofuata, ya wanaojua kusoma. Kazi ya ukarani alipewa msichana wa Ponce. Mwaka wa thelathini na mbili nilikwenda kupiga kura, mama akanisindikiza mpaka mlangoni na akanisubiri juani. Zamu yake ilikuja mwaka wa thelathini na sita, sheria ilipokwisha kufunguliwa kwa wote.

Miaka miwili baadaye Doña Leocadia alifariki. Mpwa wake akaniita nimsaidie kupanga karatasi za marehemu. Maktaba ilizitaka, na hakuna aliyejua mwandiko ule kuliko mimi. Masanduku manne. Nilizikuta barua nyingi nilizozibana mwenyewe, nikamlilia. Halafu nikakuta barua ya Seneta ya kumshukuru: alama mia moja na hamsini na ushee za wanawake wa viwandani, zisizo na masharti yoyote, ziliwagusa sana wenzake.

Zisizo na masharti.

Chini yake palikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na vipande sita vyembamba vya karatasi, vimekatwa kwa mkasi kwa unyoofu, vimefungwa utepe. Mwandiko wangu. Tunajua sheria hii inatuacha nje, mara sita.

Alikata maneno, akapeleka misalaba. Na vipande hakuvichoma. Miaka kumi alikaa navyo. Na daftari la nakala, lile ambalo wembe mmoja ungemaliza habari, lilikuwa na kurasa zote: barua yake ya Jumanne, na nyuma yake sisi, na madoa yetu ya tumbaku. Maneno na misalaba havikuwa pamoja mahali pengine popote duniani.

Mpwa wake aliona uso wangu, akauliza kama kuna cha kutupa. Nikamwambia naliazima daftari mpaka kesho, nikatoka nalo bila kungoja jibu.

Mama alikuwa kibarazani akipoza kahawa. Macho yalishaanza kumwacha. Nikamfungulia ukurasa magotini, akapitisha kidole mpaka kwenye msalaba mnene.

"Huu wangu."

"Wako, mama."

"Nilitaka yule bwana aone mkono ulivyokuwa na hasira." Akainua uso. "Maneno yetu, aliyasoma?"

Nilikuwa na jibu zuri mdomoni. Mwanamke wa miaka sabini na mmoja, lingemdhuru nini? Lakini msomaji hachagui.

"Hapana, mama. Doña aliyakata. Yule bwana aliona misalaba tu."

Kidole kilikuwa bado palepale. Akasukuma kikombe pembeni.

"Basi soma wewe," akasema. "Yote. Na majina."

Nikaanza na maneno ya juu, nikaendelea na Casilda, na Nicanora, na waliofuata. Kila jina la aliyekwisha kufa, mama aligonga mara moja kwa kifundo cha kidole kwenye mkono wa kiti.