Udongo Mkavu, Alama Sifuri

Nilishaamka na hasira zangu, lakini karatasi ya Fundi ndiyo iliyonimaliza.

Somo letu la intaneti ya vitu, yaani vifaa vinavyotuma taarifa vyenyewe mtandaoni, lina seti moja ya vifaa na wanafunzi arobaini na wawili. Muhula mzima tulipokezana kidude cha miguu miwili: unakichomeka kwenye udongo, kinapima unyevu kwa jinsi udongo unavyozuia umeme na kutuma namba kwenye simu yangu. Aliyekifanya kitume ni Fundi, binti wa kidato cha pili, aliyepewa jina hilo na wenzake kwa kufungua kila chenye skrubu. Mimi mwalimu wao nilikuwa nimeshanyoosha mikono.

Mtihani ukauliza: udongo ukikauka, namba hupanda au hushuka? Mwongozo wa kusahihisha ulisema hushuka. Fundi aliandika hupanda, maana ndivyo alivyoona kwa macho yake, nami nikiwa pembeni nikimsifu.

Alama mbili hizo. Bila hizo angebaki na sitini na nane, na chuo cha ufundi kilikuwa kinachukua wenye sabini kwenda juu kwa mafunzo ya likizo.

Nikabeba kidude na kikopo cha udongo hadi kwa mkuu wa idara. Udongo mkavu, namba juu. Nikamimina maji, namba chini. Alifurahi kama mtoto, akaomba amimine yeye. Kisha akanieleza kwa upole, ule upole unaochoma kuliko matusi, kwamba shule zote zinasahihisha kwa mwongozo mmoja na yeye hawezi kujitia kimbelembele.

"Sasa huyu mtoto nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Kakosa."

Karatasi hupitiwa mara ya pili, kwa hiyo nisingeweza kujifanya kipofu. Nikamkata alama mbili. Niliona aibu, na bado naiona.

Nilipomrudishia nilimweleza kila kitu, kwamba yeye ndiye aliyepatia. Nilitegemea alie. Aliikunja karatasi mara nne, akanishukuru, akaenda kukaa. Hilo liliniuma zaidi.

Kipindi kilichofuata nikamkabidhi simu, nikamwaga maji kwenye kikopo, nikamwomba awaambie wenzake namba imefanya nini.

Alitazama simu, akanitazama mimi.

"Hapa, Mwalimu, au kwenye mtihani?"